Kabati la Vichupa

Dirisha la duka la mafuta mazuri, liwe la Mombasa, la Unguja au la soko la Mutrah kule Oman, hupangwa ili limsimamishe mpita njia. Chupa zenye nakshi za dhahabu, vizibo vya kioo kilichochongwa, rangi za asali na za chai kavu, vyote vimeanikwa juani. Ni pambo la kuvutia, na ni mahali pabaya kuliko pote pa kuwekea mafuta. Muuzaji anayeijua kazi yake huliachia jua chupa za maonyesho tu. Mali yenyewe iko nyuma, ndani ya kabati la mbao lisilo na kioo, au chini ya kaunta kwenye makopo ya biskuti ambazo zililiwa zamani. Huyo anayelipanga kabati la nyuma ndiye ninayetaka kumsifu.

Sifa za uturi kwa kawaida hupewa pua. Tunasimuliana habari za mtu aliyeweza kunusa kanzu akakwambia imefukizwa udi wa nchi gani. Sikatai. Lakini mwenye kuchanganya mafuta nyumbani anajua kwamba pua ni mfanyakazi mvivu: inachoka upesi, inasahau upesi, na baada ya manukato machache inaanza kukuambia chochote. Wazo la kutia karafuu kidogo chini ya waridi linakaa kichwani kwa muda mfupi sana. Ikiwa kichupa cha karafuu kimejificha kati ya wenzake wanaofanana naye kama punje za mtama, basi utakapokipata hutakumbuka ulikuwa unakitafutia nini. Mpangilio mzuri ndio unaompa mtu nafasi ya kuwa na pua nzuri.

Tuanze na maadui, maana rafu hupangwa kwanza kwa ajili yao: mwanga, joto na hewa. Mwanga hushindwa kwa urahisi, kwa chupa za kahawia zile za dawa na mlango wa kabati unaofungwa. Hewa ni mjanja zaidi, kwa sababu inaingia kwa mlango uleule unaotokea mafuta. Kila ukitoa matone, nafasi uliyoiacha inajazwa na oksijeni, na chupa iliyobaki robo inaharibika haraka kuliko ilivyokuwa imejaa. Mafuta ya maganda ya machungwa na ndimu ndiyo ya kwanza kuumia. Limonini iliyomo ndani yake ikikutana na hewa hugeuka, harufu ya tunda inapotea na nafasi yake inashikwa na kitu kinachokaribiana na rangi ya mafuta ya kupaka ukuta. Tena si harufu peke yake: limonini iliyogeuka hivyo inajulikana kwa kuwasha ngozi na kuizoesha mzio. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa chini ya kichupa siku kilipofunguliwa ina kazi, hata kama wageni wataona ni urasimu.

Dawa ya hewa ni kuinyima nafasi. Mafuta yakipungua, yahamishie kwenye chupa ndogo zaidi. Hapa kipimo chetu cha kale kinasaidia bila kukusudia. Mafuta mazuri huuzwa kwa tola, uzito wa Kihindi wa gramu 11.66, na maduka yamezoea chupa za mililita 12 kwa tola moja, 6 kwa nusu na 3 kwa robo. Ukiwa na chupa tupu za ukubwa huo wote, safi na kavu kabisa, mafuta yako yanaweza kushuka ngazi kwa ngazi bila kubaki na upepo mwingi juu yao. Wengine hudumbukiza gololi za kioo ndani ya chupa kubwa ili mafuta yapande hadi shingoni. Inachekesha kuitazama, na inafanya kazi.

Joto ni la sisi watu wa Pwani hasa. Kishawishi ni kukimbilia friji, na kwa mafuta ya ndimu ni kishawishi cha haki, mradi kichupa kikitolewa kiachwe kiishiwe na ubaridi wake kabla ya kufunguliwa, vinginevyo unyevu wa hewa utajikusanya ndani. Shida ni majirani. Vizibo vingi havizibi kama vinavyodai, na nyumba ambayo maziwa yake ya asubuhi yananukia miski haina amani. Mimi nauona ubora wa lile kasha la Kipwani la mbao nzito, lenye kisanduku kidogo upande mmoja kwa ndani. Mbao nene huchelewa kupata joto, giza lake ni giza kweli, na kisanduku kile ni kana kwamba kilichongwa kwa ajili ya vichupa vya robo tola. Masomo waliokuwa wakiwaandaa maharusi, na makasha yao ya udi, liwa, dalia na mafuta, walikuwa walinzi wa hazina kabla hatujajua jina la oksijeni.

Lakini si kila mafuta huogopa miaka. Ya sandali, ya pachuli na ya mizizi ya vetiveri hulainika kadiri yanavyokaa, ukali wa mwanzo ukaondoka na utamu ukabaki. Ukiyanusa kwenye duka la mzee anayejiheshimu na ukataka kuyanunua, anaweza kukukatalia: “Hayo bado machanga, mwanangu, rudi baada ya Idi.” Biashara gani nyingine humfukuza mteja kwa sababu kama hiyo? Kule Kannauj, mji wa Uttar Pradesh nchini India ambao umeishi kwa uturi kwa karne nyingi, kuhifadhi ni sehemu ya kupika. Maua ya waridi huchemshwa kwenye mtungi wa shaba, mvuke wake ukapitishwa kwenye mwanzi hadi chombo chenye mafuta ya sandali. Kisha mafuta hutiwa ndani ya viriba vya ngozi. Ngozi inaruhusu maji yaliyobaki yatoke taratibu, huku mafuta yakibaki ndani. Chombo chenyewe kinamalizia kazi ya moto. Ndiyo maana kabati langu halina kalenda moja: upande mmoja ni wa vitu vya kutumiwa kabla havijaharibika, na upande wa pili ni wa vitu vya kusahauliwa kwa makusudi.

Sasa mpangilio wenyewe. Alfabeti ni ya wenye haraka. Inamsaidia mtu anayejua jina la anachokitafuta, wala haimwambii kitu kingine chochote. Kwa alfabeti, miski inakaa karibu na mkaratusi. Hawana lolote la kuambizana. Wachanganyaji wa Ufaransa walitumia njia nyingine. Mjini Grasse mtu alikaa mbele ya meza ya ngazi za nusu duara, mamia ya chupa zikimzunguka kwa mkono, na meza hiyo wakaiita kinanda. Siku hizi mtunzi wa kampuni kubwa huandika fomula kwenye kompyuta, na msaidizi au mashine ndiyo inayopima, hivyo vinanda vingi vimebaki vya makumbusho. Hasara, naona. Anayenyoosha mkono mwenyewe hukutana na vichupa ambavyo hakuvitafuta.

Mpangilio wa kinanda ninaoupenda ni wa kudumu kwa harufu. Katikati ya miaka ya 1950 mkemia wa Kiingereza William Poucher aliorodhesha malighafi zaidi ya 300 na kuzipa namba kuanzia 1 hadi 100 kulingana na muda zinaochukua kupotea. Sandali na pachuli alizipa 100. Jean Carles, aliyeanzisha shule ya manukato ya kampuni ya Roure huko Grasse mwaka 1946, naye alifundisha kwa majedwali ya vinavyoruka upesi, vya kati na vinavyobaki. Ukiifuata njia hiyo rafu inageuka saa: juu kuna ndimu na machungwa, ya dakika chache, katikati waridi, asumini, langilangi na karafuu, chini kabisa ubani, sandali, udi na miski, ambazo kesho asubuhi zitakuwa bado kwenye shuka. Mchanganyiko ukikosa mwili, unajua mkono ushuke. Ukikosa uhai, unapanda. Na vichupa vya chini, kwa kuwa havifunguliwi mara kwa mara na hukaa penye ubaridi zaidi, vinapata kile vinachokitaka.

Lebo zina vita vyake. Wino hukimbia tone moja la mafuta likiteremka shingoni. Penseli hubaki, na utepe mwembamba wa plastiki juu yake huilinda zaidi. Jina liwe kwenye mwili wa chupa na namba kwenye kizibo, kwa sababu vizibo hubadilishana wenyewe siku ya kazi nyingi. Lakini lebo mbaya kuliko iliyofutika ni lebo fupi. “Sandali” haitoshi. Kuna sandali ya India, kuna ya Australia ambayo ni mti mwingine wa jamaa moja, na kuna msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, uliovunwa kwa fujo hadi mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya mkataba wa CITES. Mti huo wa mwisho hata si sandali halisi, ingawa unanukia. “Langilangi” nayo haitoshi. Wakomoro wanapokeneka ua hilo hukinga mafuta kwa awamu, na kila awamu ina chupa yake: ya mwanzo kabisa ni tamu na ghali, ya mwisho ni nzito na nyingi huishia kwenye sabuni. Ua moja, moto mmoja, harufu ambazo usingedhani ni ndugu.

Karafuu inastahili onyo la pekee. Mafuta yake, yakiwemo yale yanayokenekwa kwa makonyo katika kiwanda cha Wawi kisiwani Pemba, yamejaa eugenoli, na eugenoli hula aina kadhaa za plastiki. Ni mazito kuliko maji, yanazama. Hayo ni ya kioo tu, na kizibo kisiwe na mpira wa kudondoshea, maana mvuke wake huulegeza mpira hadi ukanata.

Tuna binamu wa mbali katika kazi hii: watu wa Marekani na Uingereza wanaojichanganyia nyumbani kimiminika cha sigara za kielektroniki. Nisingependa kuvuta wanachokitengeneza, ila rafu zao zina adabu. Ladha za stroberi, kastadi na mnanaa huja kwenye vichupa vya mililita 10, na mtu anaweza kuwa navyo mamia. Wakagundua kwamba rafu za kuuzia rangi ya kucha zinavitosha barabara. Wengi hutenga ladha za siagi zenye daiasetili. Wana sababu: mwaka 2000 wachunguzi walianza kufuatilia ugonjwa mbaya wa mapafu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, waliokuwa wakivuta mvuke wa ladha hiyo. Na mafuta yoyote halisi, karafuu yangu ikiwemo, kwao ni mwiko kabisa, maana mafuta hayana ruhusa ya kuingia mapafuni. Kichupa kilekile ni hazina kwenye rafu hii na hatari kwenye rafu ile.

Wenye uwezo wa kwenda mbali zaidi ni wale wa Osmothèque, hifadhi ya manukato iliyofunguliwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1990. Wanahifadhi maelfu ya manukato, baadhi yakiwa hayauzwi tena popote, ghalani kwa nyuzi joto 12, na juu ya kila mafuta wanatia gesi ya agoni badala ya hewa. Chypre ya François Coty ya mwaka 1917 inaweza kunuswa pale. Hizo ni gololi zetu, zikiwa na bajeti.

Imebaki chupa moja ambayo haina ngazi wala namba. Kila mchanganyaji anayo: ile ya mabaki, ya matone ya mwisho ya kila jaribio, ambayo mtu bahili hawezi kuyamwaga. Haina fomula. Kuna siku inanukia vizuri kuliko chochote ulichokipima kwa mizani, na huwezi kuirudia hata ukilia. Watu wengine huithamini sana na kuipa rafu ya heshima. Yangu naitia kwenye maji ya kudekia ukumbi, Ijumaa, na hadi leo hakuna mgeni aliyelalamika.