Picha Haijaisha, Hukumu Imekwishatoka

Ndugu msomaji, ukiingia katika banda la video, lile ambalo vijana huliita "banda umiza", usiitazame televisheni peke yake. Geuka pia uwasikilize waliokaa nyuma yako. Huko ndiko kila picha inakohukumiwa, na sheria za mahakama hiyo ni chache: stelingi hafi, adui hujulikana kwa sura, na picha isiyo na ngumi wala risasi si picha, ni hotuba.

Nilikaa katika banda moja la Kilwa Masoko mwezi wa Agosti, mwaka 2021. Kiingilio kilikuwa shilingi 500, na joto halikuwa na bei. Kumbuka siku zenyewe zilivyokuwa. Dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Uviko-19 zilikuwa zimeingia nchini mwezi wa Julai. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 ya mwezi huo. Na mikoani kazi ndiyo kwanza inaanza. Picha iliyowekwa usiku ule ilikuwa Contagion, ya Mmarekani Steven Soderbergh. Si picha mpya, maana ilitoka mwaka 2011. Lakini maradhi yalipotanda ulimwenguni nayo ilifufuka. Kampuni ya Warner Bros. iliyoitoa ilieleza kwamba mnamo Desemba 2019 ilikuwa ya 270 katika picha zake zinazotakwa na watu. Miezi michache baadaye ikawa ya pili. Hata kwetu ilifika, ndani ya flashi, imekwisha tafsiriwa na mmoja wa wale mabwana wanaozungumza juu ya sauti za waigizaji.

Kabla haijaanza, hukumu ilikuwa tayari. "Hii ndiyo ile waliyoonyesha korona miaka tisa kabla," alisema kijana mmoja wa bodaboda. "Wameitengeneza wenyewe, wakaipigia na picha." Hakuna aliyembishia.

Je, ni kweli picha ile ilijua yajayo? La. Ilijua yaliyokwisha kupita. Mshauri wake alikuwa Ian Lipkin, bingwa wa virusi wa Chuo Kikuu cha Columbia, na kirusi cha hadithi kiliundwa kwa kufuata mfano wa Nipah, maradhi yaliyozuka Malaysia mwaka 1998 na 1999, yakitoka kwa popo, yakapita kwa nguruwe, yakawafikia wanadamu. Mtu anayesema kwamba masika yatakuja si mchawi. Ameyaona ya mwaka jana.

Sasa twende ndani ya picha yenyewe. Yumo daktari aitwaye Erin Mears, aliyeigizwa na Kate Winslet. Anawahangaikia wagonjwa mpaka naye anaugua, na anakufa katika ukumbi mkubwa uliojaa vitanda. Katika pumzi zake za mwisho anajaribu kumsogezea koti lake mgonjwa wa jirani anayetetemeka kwa baridi. Hakuna muziki wa kuliza, hakuna neno. Mimi nasema roho ya picha nzima imo katika koti lile. Banda likasema: "Ha! Huyu kafa? Picha mbovu."

Tena yumo Alan Krumwiede, ambaye ni Jude Law. Kazi yake ni kuandika katika mtandao. Anawaambia watu kwamba wakubwa wanawaficha dawa, na kwamba dawa yenyewe ni mmea uitwao forsythia. Anajionyesha mbele ya kamera akiumwa, anakunywa, anapona. Watu wanavamia maduka ya dawa kuutafuta. Chanjo inapopatikana anawaonya wasiiguse. Basi banda lote lilikuwa naye! "Huyu ndiye stelingi! Anasema kweli, ndiyo maana wanamwinda." Na mtafsiri naye akatia chumvi yake.

Lakini mtunzi ameliweka jambo wazi. Krumwiede anakamatwa, damu yake inapimwa, na inaonekana kwamba hakupata kuugua hata siku moja. Alikuwa amekula njama na wenye fedha ili wachume katika mmea ule. Maneno hayo yanasemwa haraka, chumbani, bila ngumi. Na wakati yanasemwa, mtafsiri wetu alikuwa anatangaza namba yake ya simu kwa wanaotaka nakala. Krumwiede akatoka kwa dhamana iliyolipwa na wasomaji wake, na banda likapiga makofi.

Hapa namlaumu na Soderbergh kidogo. Picha yake ni baridi mno. Inaruka kutoka mji hadi mji, haimshiki mtazamaji mkono. Uongo amempa mwigizaji mwenye ulimi mtamu, na ukweli akawapa watu waliochoka wanaosoma hesabu. Mwenye Kiingereza chake na subira yake atang'amua. Mwenye shilingi 500 na mtafsiri mchuuzi atafanyaje?

Wala tusiwacheke watu wa banda. Mwezi Machi 2020 Bwana Kassim Majaliwa, mwana wa Ruangwa katika mkoa huu huu wa Lindi, aliyekuwa Waziri Mkuu, alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko. Kisha, tangu mwisho wa Aprili ya mwaka ule, hesabu za wagonjwa zilikoma kutangazwa, na zilikoma kwa zaidi ya mwaka. Mwenye kiu akikuta kisima kimefunikwa, atakunywa dimbwini. Watu walitaka habari wakapewa kimya, wakaenda kuzitafuta katika hadithi za kutungwa.

Usiku ule ule kijana mwingine alisema kwamba wamekwisha toa na nyingine, ya korona ya 23. Alikusudia Songbird ya Adam Mason, iliyopigwa Los Angeles katikati ya janga na kutolewa Desemba 2020. Kisa chake kimewekwa mwaka 2024, watu wanaswekwa makambini, na kijana mpeleka vifurushi anampenda msichana aliye nyuma ya mlango. Ni picha hafifu, inachuma katika hofu ya watu huku hofu yenyewe ingali mbichi. Nami, Mola anisamehe, niliwahi kuisimulia barazani kabla sijaiona. Mwaka 2024 umekuja ukapita, hakuna korona ya 23 wala makambi. Ni nani aliyerudi barazani kuomba radhi? Hata mimi sikurudi.

Siku ya pili yake nilikutana na mzee mmoja mvuvi, mtu ambaye hajapata kukanyaga bandani. Akaniambia hatachanjwa. "Maalimu, imeonekana kwenye picha."

Nikamwuliza: "Imeonekana na nani, mzee wangu?"

"Mjukuu wangu."

"Mjukuu kaiona?"

"Kaambiwa na mwenzake wa bodaboda."

Wanazuoni wetu wa hadithi walisafiri miezi ili wajue fulani kapokea kwa nani, na huyo kapokea kwa nani, na je, walipata kuonana? Sisi, katika jambo la uhai wa mzee, mlolongo wetu uliishia kwa kijana aliyehukumu kabla taa haijazimwa.

Nikamwomba mzee aketi nami chini ya mwembe, nikamwonyesha katika simu dakika za mwisho za Contagion. Dakika hizo bandani hazikuwa na mtazamaji. Chanjo ilipoanza kugawiwa watu waliona imekwisha, wakainuka. Tulibaki watatu, na mmoja wetu alipomwona nguruwe akasema, "Malipo ya kula haramu hayo," akatoka naye.

Mzee alitazama bila kusema. Tingatinga linaangusha mti, nalo lina jina la kampuni anayofanyia kazi mwanamke wa kwanza kuugua. Popo wanakosa makao. Mmoja anaruka na kipande cha ndizi, anakidondosha katika zizi. Mwana wa nguruwe anakila. Jikoni, huko Macau, mpishi anamshika mnyama yule kinywani, anaitwa, anapangusa mikono kwenye aproni, anakwenda kumpa mkono mgeni wake. Hakuna maabara. Hakuna aliyetengeneza kitu.

Mzee akaniomba niirudishe. Nikairudisha. Akaitazama tena mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Maji yalikuwapo pale jikoni," alisema. "Kwa nini hakunawa?"