Kayaki ya Viti Viwili Yatua Singidani, na Inaelea Haswa!

Jamani, inaelea! Kayaki ya plastiki ngumu, ya manjano, yenye viti viwili, imeingia kwenye maji ya Ziwa Singidani. Mimi niko kiti cha nyuma na kafi la pande mbili mkononi, mwenzangu yuko mbele anacheka peke yake. Kwa mbali flamingo wameinamisha vichwa wanachuja chakula majini, nyuma yetu mji na majabali yake, na hakuna injini, hakuna moshi, hakuna kelele yoyote ila maji yanayopita ubavuni. Nimesoma habari za vyombo hivi kwa muda mrefu. Kukikalia kimoja ni jambo jingine kabisa, na sitaki kungoja furaha ipoe ndipo niandike.

Chombo chenyewe ni Malibu Two, kazi ya kampuni ya Marekani iitwayo Ocean Kayak. Mwanzilishi wake, Tim Niemier, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule pwani ya Malibu, California, kwa kuuchimba ubao wa kuchezea mawimbi hadi ukapata mahali pa kukaa. Hapo ndipo uzuri wote ulipo: unakaa juu ya chombo, hukai ndani yake. Kayaki za asili za Wainuit zilifunikwa kwa ngozi ya sili, na mpiga kafi alijifunga kiunoni ili maji ya barafu yasimfikie. Huku kwetu nani anataka kufungwa? Hii ni ganda lililozibwa pande zote, tupu ndani, kwa hiyo haizami hata ikijaa maji juu. Maji yanayorukia miguuni yanatoka yenyewe kwa matundu yaliyopenya kutoka sakafu hadi chini ya chombo. Ukipinduka, unateleza nje, unaigeuza, unapanda tena. Tulifanya hivyo kwa makusudi karibu na ufuko, maji ya kiunoni, na nilicheka kama mtoto.

Urefu wake ni mita 3.66, upana sentimita 86, uzito kilo 26 hivi. Kilo hizo watu wawili wanazibeba bila kutoana jasho, mmoja omo, mwingine tezi, kutoka kwenye keria ya gari hadi majini. Kuhusu mzigo, kampuni inataja hadi kilo 190 hivi. Piga hesabu kwanza: watu wazima wawili wa kilo 75 wamekula 150, zimebaki 40 za nanga, maji ya kunywa, chambo na samaki. Mimi singeimaliza nafasi hiyo. Chombo kilichoshiba hukaa chini sana, maji yanapanda kupitia matundu yaleyale ya kutolea maji, nanyi mnavua mmekalia dimbwi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa Singida linazidi yote: upepo. Kila aliyeishi hapa anaujua. Ni upepo ambao wawekezaji wamekuja kuupima kwa ajili ya mitambo ya umeme, na ziwa la wazi kama Singidani halina mlima wa kuukinga. Kwa hiyo ukichagua kayaki ya huku, swali la kwanza kujiuliza ni kiasi gani cha chombo kinabaki juu ya maji kikipigwa na upepo. Malibu Two iko chini, karibu imelala. Upepo unapita juu yake na kuwagonga ninyi mliokaa, lakini ganda lenyewe haliupi mahali pa kushika. Tulipogeuza kuelekea mashariki, upepo ukitukabili usoni, niliona tofauti mara moja: tulikwenda polepole, ndiyo, lakini tulikwenda moja kwa moja!

Linganisha na kayaki za kujazwa upepo, ambazo ni rahisi zaidi kuzipata na kuzisafirisha. Explorer K2 ya Intex, kwa mfano, ina urefu wa mita 3.12, upana wa sentimita 91, na inabeba hadi kilo 180. Ukiikunja inaingia nyuma ya gari dogo, na kwa mpangaji wa chumba kimoja asiye na ua hilo ni jambo kubwa, silidharau. Lakini kuta zake zimenenepa na zimeinuka, ni nyepesi, na kwenye maji yenye upepo inataka kuzunguka. Lile pezi dogo linalofungwa chini yake linasaidia kiasi. Asubuhi iliyotulia ni chombo kitamu. Upepo ukishaamka, mikono yenu ndiyo itakayolipa.

Halafu kuna miiba. Nani amewahi kutembea kando ya maji ya mkoa huu bila kukutana na mwiba wa mgunga? Plastiki ngumu unaiburuta juu ya changarawe na miiba, inapata mikwaruzo tu. Ya kujazwa upepo utaibeba juu juu hadi majini, na viraka na gundi visikose mfukoni. Chumvi nayo ina mambo yake. Singidani haina mto wa kuitoa maji, yanaondoka kwa jua tu na magadi yanabaki, kwa hiyo kila chuma, kuanzia skrubu ya kiti hadi kikorokoro cha kukunjia mshipi, kinaanza kuliwa. Ganda la plastiki halijali. Lisuuze kwa maji baridi, kausha vyuma, weka chombo kivulini, kwa kuwa jua ndilo adui wa kweli wa plastiki hii.

Wapenzi wa uvuvi wataniuliza habari za kayaki za kukanyaga. Naam, ninazihusudu! Hobie walitoa mfumo wao wa MirageDrive mwaka 1997: unasukuma kwa miguu, mapezi mawili yanapiga chini ya maji, mikono inabaki huru kushika fimbo ya kuvulia. Wamewahi kutoa za watu wawili pia, kama Oasis na Outfitter. Kwenye bahari ya Tanga au Pemba ningeitamani bila kusita. Lakini mapezi hayo yanashuka chini ya chombo, na maziwa yetu mengi hayana kina kikubwa. Pembezoni ni tope na majani. Huko unajikuta unayainua mapezi na kuchukua kafi. Kwa bei yake, hapana, si kwa maji haya.

Kuna kitu kimoja cha Malibu Two ambacho picha hazikionyeshi vizuri, nacho ndicho kilichoniteka: nafasi ya tatu, katikati. Mkiwa wawili, anaweza kukaa mtoto. Ukiwa peke yako, unahamishia kiti chako hapo na chombo kinakaa sawa, hakiinui pua. Kayaki nyingi za watu wawili zinakataa mtu mmoja: unakaa nyuma, omo inapanda hewani, upepo unaichukua unakotaka wenyewe. Na rafiki yako hatakuwa na nafasi kila Jumamosi. Historia iko upande wangu pia. Mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, alivuka Atlantiki kwa siku 72 ndani ya kayaki ya kukunja ya Klepper iliyobuniwa kwa watu wawili, yeye peke yake, nafasi ya mwenzake ikibeba chakula na vifaa. Chombo cha wawili kinachomkubali mmoja ni mali.

Mkiwa wawili, aliye mzito akae nyuma. Wa mbele anatoa mwendo, wa nyuma anaufuata na kuelekeza. Akikosea wa nyuma, makafi yanagongana na mnaloweshana. Inachukua muda mfupi tu kuzoeana, na ikikubali, ah, ile raha ya makafi mawili kuingia majini kwa pamoja siwezi kuieleza vya kutosha.

Uvuvi wenyewe tuliupeleka Kitangiri, upande wa Iramba, kwenye ziwa linalolishwa na mto Wembere na kuteremsha maji yake kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Hapo wavuvi wanatafuta riziki kwa mitumbwi na nyavu, na mgeni mwenye kayaki ya manjano anapaswa kuwasalimia kwanza, kuuliza nyavu zimetegwa wapi, na kukaa mbali nazo. Leseni ya uvuvi utaulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri kabla hujalowesha ndoano. Samaki wa kutarajia ni perege na kambale. Kuna perege wa aina ya pekee wa maziwa haya ya magadi, wataalamu wanamwita Oreochromis amphimelas, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1905. Anaishi Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida, na jike hubeba mayai yake kinywani. Nikimfikiria samaki huyo aliyejifunza kuishi kwenye maji ambayo wengine wangekufa, namheshimu hata kabla sijamwona.

Kuvua wawili juu ya mita 3.66 kunataka adabu. Kila mmoja anarusha upande wake, na anayerusha anamtahadharisha mwenzake. Malibu Two ya kawaida haina mashimo ya kuchomekea fimbo. Kaka yake mkubwa, Malibu Two XL, alitolewa pia kwa umbo la wavuvi, Angler, lenye mashimo hayo, na kama uvuvi ndio shabaha yako kuu mtafute huyo. Nanga ya jiwe inatosha, na mawe Singida hayajawahi kuadimika, ila ifunge omo au tezi, kamwe usiifunge ubavuni: upepo ukivuta, kamba itakiinamisha chombo hadi kipinduke. Vaa suruali ndefu. Kambale akishapanda anatua mapajani, na miiba ya mapezi yake ya kifuani haina huruma.

Mambo mawili sitayapunguzia uzito. Jaketi la kuokolea maisha ni la kuvaliwa tangu ufukweni, siyo la kukaliwa kama mto. Na viboko: waulize wenyeji wa maji unayoyaendea, usikaribie matete, usiwe majini alfajiri wala jioni penye wanyama hao. Hata asubuhi njema, anza kwa kwenda dhidi ya upepo ili urudi ukisukumwa, mikono ikiwa imechoka.

Hukumu yangu ni hii: kwa Singida, nunua ya plastiki ngumu, ya kukaa juu, yenye upana usiopungua sentimita 80 na nafasi ya katikati. Malibu Two inayo yote hayo. Kabla ya kulipa, kaeni wote wawili, hata kama ni sakafuni dukani, muone kama magoti ya wa nyuma hayagusi mgongo wa wa mbele. Ukiagiza kutoka nje, uliza nauli kabla ya bei, kwa maana kitu cha urefu huo hakikunjiki.

Nanyi wenye hoteli na viwanja kando ya Singidani, nawaomba. Ziwa Duluti karibu na Arusha wageni wanapiga kafi, na Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha vilevile. Sisi tuna ziwa mlangoni mwa mji. Leteni kayaki chache za kukodisha, pamoja na jaketi zake, na mimi nitakuwa mteja wenu wa kwanza.