Sifa ya Gemu Ndogo

Binti mfalme asiye na magoti hawezi kuruka. Amefungwa katika shimo la gereza na pepo mbaya, na njia pekee ya kujiokoa ni matundu mawili yanayofunguliwa ukutani: akiingia kwa hili, anatokea kwa lile. Hiyo ndiyo Narbacular Drop, gemu iliyotengenezwa mwaka 2005 na wanafunzi wa chuo cha DigiPen, mjini Redmond katika jimbo la Washington, Marekani. Picha zake ni za kawaida mno, hadithi yake ni fupi, na mchezaji mzoefu huimaliza kwa kikao kimoja. Hata hivyo, wanafunzi hao walipoionyesha mbele ya waajiri waliotembelea chuo, kampuni ya Valve iliwaita ofisini, ikaitazama, ikawapa kazi. Oktoba 2007 wazo lao likatoka upya kwa jina la Portal, na tangu hapo hakuna anayesimulia historia ya gemu akaliruka.

Nimeanza na magoti kwa sababu humo ndimo ulimo ufundi ninaotaka kuusifu. Mhusika asiyeweza kuruka amewapunguzia waundaji wake mzigo ambao mchezaji hawezi kuukisia. Kwa mtazamaji, kuruka ni jambo dogo: unabonyeza kitufe, mtu anapaa, anatua. Kwa anayeandika programu, hapo pana kazi ya wiki nzima, na pengine zaidi.

Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde. Kati ya picha moja na nyingine programu ina milisekunde 16 hivi za kusoma kitufe, kumsogeza mhusika, kukagua kama amegonga ukuta, kisha kuchora kila kitu upya. Mhusika anaporuka hupewa kasi ya kwenda juu, na kwa kila picha nguvu ya uvutano inamnyang'anya sehemu ya kasi hiyo mpaka iishe, ageuke, aanguke. Ukifuata fizikia ya darasani bila kuongeza wala kupunguza, mara nyingi mhusika ataonekana anaelea, hana uzito. Kwa hiyo mafundi wengi huzidisha uvutano wakati wa kushuka, ili atue kwa kishindo.

Kisha huja hisani ya siri. Mchezaji akichelewa kubonyeza, mguu ukawa umekwisha kuvuka ukingo wa jabali kwa picha chache, programu humwacha aruke kana kwamba bado amekanyaga. Akiwahi mno, akabonyeza kabla ya kutua, amri yake hutunzwa kidogo na kutekelezwa mara tu mguu unapogusa chini. Mchezaji haoni lolote katika hayo. Anajiona hodari tu. Ni wema unaofanywa gizani, na anayetendewa hatajua hata wa kumshukuru.

Sasa fikiria kazi yote hiyo kwa kitufe kimoja, mikononi mwa wanafunzi wenye muhula mmoja au miwili, masomo mengine yanayowasubiri na mitihani mlangoni. Wengi huanza na ndoto ya ulimwengu mzima: miji, vita, farasi, mvua, wahusika mia. Kufikia katikati ya muhula wanakuwa na farasi asiyetembea na mji usioingilika. Wanaofika mwisho ni wale waliothubutu kukata. Timu ya DigiPen ilikata kuruka, na badala ya kuficha kasoro hiyo ikaifanya sifa ya mhusika wake, ikamwita Princess No-Knees. Nguvu zilizobaki zikaenda zote kwenye matundu mawili, jambo moja walilotaka kulifanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili hata kama hawajawahi kugusa kompyuta. Bao lina mashimo 32 na kete 64, basi. Ubao unaweza kuwa umechongwa na fundi wa Lamu au umefukuliwa mchangani chini ya mwembe, na mchezo ni uleule. Kinachomnyima bingwa usingizi ni kanuni na yale yanayozaliwa nazo, wala si nakshi za ubao. Gemu nzuri nayo huishi katika kanuni zake. Picha huja baadaye, zikija.

Si kwamba kila pambo ni upuuzi. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, Marekani, wakiongozwa na Steve Russell, walikamilisha gemu ya Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1, iliyouzwa kwa dola 120,000 hivi huku kumbukumbu yake ikiwa kama kilobaiti tisa tu. Meli mbili za angani zilirushiana makombora. Dan Edwards akaweka nyota katikati, yenye mvuto unaozivuta meli zote mbili, na hapo mapigano yakageuka kuwa hesabu: anayejua kuuzungukia mvuto huo anamshinda mwenye vidole vyepesi. Swichi za mashine zilikuwa zikiwachosha viwiko, basi Alan Kotok na Bob Saunders wakaunda visanduku vya kushika mkononi. Naye Peter Samson alikerwa na nyota za nyuma zilizotapanywa ovyo. Akaandika programu iliyochora anga halisi la usiku, kila nyota mahali pake.

Nyota za Samson haziongezi pointi wala hazizuii kombora. Kwa nini basi zikaingia katika kumbukumbu finyu namna ile? Nadhani kwa sababu kupunguza si ubahili. Fundi hukata kwingi ili apate pa kuwa mkaidi. Aliyeacha mia moja ana haki ya kung'ang'ania moja, hata kama hiyo moja ni ya moyo wake tu. Mwaka 2010 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, waling'ang'ania pweza aliyevaa suti anayejifanya baba wa familia, huku mchezaji akihangaika kukiongoza kila kiungo peke yake. Gemu yao, Octodad, ni kichekesho kimoja kilichofikishwa mwisho wake, na kwa hicho kimoja ikapendwa.

Kuna somo jingine ambalo wanafunzi hulipata mapema, nalo ni chungu. Gemu huwa haijulikani hali yake mpaka ishikwe na mtu mwingine. Siku hiyo anaitwa mwenzao wa kitivo kingine, anaketishwa mbele ya kompyuta, anapewa kibodi. Waundaji wanasimama nyuma yake na hawaruhusiwi kusema neno. Mgeni anatazama mlango uliochorwa kwa siku kadhaa, anaupita. Anabonyeza kitufe ambacho hakuna aliyemwambia akibonyeze. Anazunguka pembe moja dakika nzima, anacheka mahali pasipo na mzaha, kisha anauliza, "Hapa nifanyeje?" Mmoja wao anafungua kinywa kueleza, mwenzake anamfinya. Wakimweleza, watakuwa wamemsaidia huyo mmoja tu. Wote watakaofuata watapotea palepale. Jioni hiyo hakuna anayebishana kuhusu nani aliandika nini. Mlango unasogezwa, taa inawekwa juu yake, na mgeni mwingine anatafutwa kwa ajili ya kesho.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoiita kazi hii mchezo wa watoto. Mhandisi hapa anasoma tabia za watu. Mchoraji anaambiwa picha yake nzuri kuliko zote inampoteza mchezaji, anaifuta mwenyewe. Mtunzi wa sauti anatumia usiku kucha kutafuta mlio wa mguu ukikanyaga jiwe, sauti ambayo ikifaa hakuna atakayeitaja. Wote wanajifunza kuandaa kitu ambacho mwenye kukifaidi ni mtu wasiyemjua.

Vyombo sasa viko wazi. Godot, kwa mfano, programu ya kuundia gemu, imekuwa huria tangu mwaka 2014. Haidai hata senti na haihitaji kompyuta ya bei mbaya. Mwanafunzi wa Mlimani au wa Nairobi anayeipakua leo ana zana ambazo vijana wa MIT wasingeziota. Wenzangu mnaosimamia miradi ya mwaka wa mwisho, mwanafunzi akiwaletea gemu msiigeuze kicheko, wala msimuulize ina ramani ngapi na silaha ngapi. Muulizeni aliacha nini na kwa nini. Na wewe kijana unayepanga ya kwanza, chagua kanuni moja, iwe ndogo hata uone haya kuitaja, kisha imalize. Gemu ndogo iliyokamilika ina thamani zaidi kuliko ulimwengu mzima uliobaki kwenye daftari.