Uongo Husemwa kwa Lafudhi Gani? Midnight (1939), The Lady Eve (1941) na Kiswahili cha Gatsata

Katika Midnight, filamu iliyoongozwa na Mitchell Leisen kutokana na mswada wa Charles Brackett na Billy Wilder, Eve Peabody anashuka kutoka kwenye garimoshi jijini Paris usiku wa mvua akiwa na gauni la dhahabu mwilini na mfuko mtupu. Anayempakia ni Tibor Czerny, dereva wa teksi. Kabla ya usiku kuisha Eve amejipenyeza katika hafla ya matajiri kwa kutoa risiti ya rehani badala ya kadi ya mwaliko, na alipoulizwa jina amelitaja la dereva. Muda si muda anajulikana kuwa Baronesi Czerny, akigharimiwa na tajiri Georges Flammarion ili amvute kijana anayemnyemelea mkewe.

Filamu za aina hii si chakula cha kila siku cha wasimulizi wa agasobanuye, ambao hupendelea mapigano. Hata hivyo, mwanamke anayepanda tabaka kwa hila si mgeni kwa watazamaji wao. Tamthilia za televisheni zimejaa ndugu zake. Suala linalohitaji kupimwa ni lugha ya kumsemesha iwapo atasimuliwa kwa Kiswahili mjini Kigali, na sekta ya Gatsata, wilayani Gasabo, ni mahali pafaapo kulipimia. Gatsata imekaa jirani na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kwenye barabara iendayo Gatuna, na sifa yake kubwa ni gereji. Katika njia hiyo ya magari yatokayo Uganda na Mombasa, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi muda mrefu kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Ni Kiswahili cha spea, cha bei na cha kukopeshana.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Mitaa ya Tanzania ina msemo ulio tayari, kuchuna buzi, na msimulizi mvivu atamwita Eve mchuna buzi na kuendelea. Msemo huo una utani wake, lakini unakata shauri kabla ya kesi kusikilizwa: mwanamke ana kisu, mwanamume ni mnyama asiye na hatia. Midnight haisemi hivyo hata kidogo. Flammarion ndiye anayenunua uongo, na anaununua akijua bei yake. Hapa riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed, Kiu (1972), inafaa zaidi kuliko msemo wa mtaani, kwa kuwa ndani yake hila za kumfikia tajiri Mwinyi zinapangwa na Idi, mwanamume, naye Bahati ndiye anayetumiwa. Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kumjua mkwezi wa tabaka asiyevaa gauni. Ajabu ni kwamba msamiati wetu wa dhihaka umemsahau.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi. Katika Kinyarwanda neno umuswahili limebeba, pamoja na maana ya Mwislamu au mtu wa mjini, maana ya mjanja asiyeaminika. Wala Rwanda si peke yake. Hata Dar es Salaam "uswahili" huweza kumaanisha maneno mengi na ahadi chache. Kwa hiyo mlaghai wa Hollywood anapofika Kigali anakuta lugha imemtangulia kwa sifa. Msimulizi akimpa Eve Kiswahili cha gereji na kuwapa matajiri Kiswahili sanifu, atakuwa amefasiri chuki ya kienyeji badala ya filamu. Akimpa kila mhusika Kiswahili sanifu, kama miongozo ya ufasiri inavyoelekea kushauri, kichekesho kitakufa, maana safari yote ya Eve hupimwa kwa namna ya kusema.

Filamu yenyewe inatoa njia ya kutokea. Katika Midnight uongo husemwa kwa lugha ya juu. Eve anapodanganya ndipo anapozungumza kama baronesi. Anapokuwa katika teksi ya Tibor anasema wazi kwamba anatafuta mume mwenye fedha. The Lady Eve ya Preston Sturges inalisogeza jambo hilo mbele. Jean Harrington, mcheza karata wa melini, anarudi kwa Charles Pike, mrithi wa kiwanda cha bia, akiwa na lafudhi ya ukabaila wa Kiingereza na jina la Lady Eve Sidwich. Uso ni uleule. Muggsy, mlinzi asiye na adabu wala elimu, anasisitiza kuwa ni mwanamke yuleyule, na hakuna anayemsikiliza. Charles anashawishika kwa hoja ya kipuuzi kwamba mlaghai wa kweli angejibadilisha sura. Ni kweli kwamba Jean hudanganya pia melini, kwa lugha yake ya kawaida, na hilo linaizuia hoja hii kuwa kanuni. Lakini mapenzi yake kwa Charles huzaliwa katika lugha hiyohiyo.

Basi usanifu ungefaa kuwa vazi la uongo, na Kiswahili cha Gatsata kiwe cha Tibor na Muggsy, watu wanaoona sawasawa. Uamuzi huo utawaudhi wanaotaka lugha rasmi ionekane na heshima kila inaposikika hadharani. Udhia huo una msingi: lugha iliyodharauliwa miaka mingi haijengewi hadhi kwa kuwekwa kinywani mwa walaghai. Ila washauri wa sera wanaofikiria kanuni za kuwekea filamu sauti za Kiswahili nchini Rwanda wapime pia gharama ya upande wa pili. Tibor anapompoteza Eve, anawaomba madereva wenzake wamsake mji mzima, nao wanachangishana fedha za kumzawadia atakayemwona. Onyesho hilo likisemwa kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, fundi wa Gatsata atawasikia wenzake wa kazi wakiongea kama Flammarion.