Nguluvi, Kyala na Orodha ya Mbiti

Katika ibada za nyumbani hapa Mlandege, mjini Iringa, sala huanza kwa Kiswahili na mara nyingi humalizika kwa Kiswahili. Lakini palipo na msiba, mama mzee aliyeshikwa na uchungu huliacha neno Mungu na kuita Nguluvi. Je, amemwita mwingine, au ni yule yule kwa jina lenye uzito zaidi moyoni mwake? Kwa swali hili nimekisoma upya kitabu cha John Mbiti, Concepts of God in Africa, kilichotoka mwaka 1970.

Hatuna budi kumshukuru mwandishi. Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, Kenya, alikusanya habari za makabila karibu 300, wakati ambapo wengi walidhani kuwa Mwafrika hakumjua Mungu kabla ya kuja kwa wamisionari. Mashaka yangu ni juu ya mpangilio. Mambo yamepangwa kwa sifa: Mungu ajuaye yote, awezaye yote, aliye mahali pote. Kila kabila huitwa mbele, hutoa ushahidi wa sentensi moja au mbili, kisha huketi. Sifa hizo tulizikariri darasani zamani. Hivyo msomaji huizunguka Afrika nzima, akarudi na Mungu yule yule aliyeondoka naye, hata vumbi la safari halimo miguuni.

Okot p'Bitek wa Uganda alilaumu jambo hili katika African Religions in Western Scholarship, kitabu cha mwaka huo huo: miungu ya Afrika inavikwa mavazi ya Kiyunani. Anasimulia jinsi mapadre wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, swali likawa ni nani aliyewafinyanga, na wazee wakamtaja Rubanga, roho anayepinda migongo ya watu. Jina hilo likaingia kanisani! Tunacheka, lakini tusicheke sana.

Maana jirani zetu wa Rungwe na Kyela wanalo jambo linalofanana na hilo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake miaka ya 1930, anamweleza Kyala katika Communal Rituals of the Nyakyusa (1959) kama shujaa wa kale mwenye pango la matambiko karibu na Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Berlin na Wamoravia walikuwa wamefika tangu 1891, na tayari ilikuwa vigumu kuitenga imani ya kale na mahubiri yao. Leo Mnyakyusa Mkristo humwita Kyala Baba wa Yesu Kristo, wala hafikirii pango. Okot angesema jina limetekwa. Mimi nasema limebatizwa, ingawa nakiri kwamba aliyebatizwa hubaki na mama yake.

Luther, alipoieleza amri ya kwanza katika Katekisimo Kubwa, hakuanza na orodha ya sifa. Aliuliza moyo umeegemea wapi na unakimbilia kwa nani. Kwa kipimo hicho, kilio cha yule mama kinanifundisha mengi kuliko sura nzima ya Mbiti. Na katika Kutoka 6:3 Bwana mwenyewe anamwambia Musa kuwa baba zake walimjua kwa jina jingine, wala hawalaumu kwa hilo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, na Mbiti haufikii. Nguluvi wa mababu alisihiwa kwa kupitia wahenga, makaburini. Anapoitwa leo msibani, ni nani aliyesimama katikati: Kristo, au babu? Hilo halijibiwi kwa orodha. Ningependa wanafunzi wetu kutoka Makete, Kilolo na Tukuyu, kabla ya kufungua kitabu hiki, wakawaulize bibi zao walivyoomba mvua ilipokatika, nao waandike majibu kwa lugha ile ile waliyoambiwa.