Jamani, Kumbe Makerere Kuna Hazina Hii!

Nimetoka humo sasa hivi, viatu bado vina vumbi jekundu la Kampala, na nafsi haikubali kungoja hadi nifike nyumbani ndipo niandike. Miaka yote hii napita mji huu, nanunua vitu vyangu, nakula rolex ya barabarani, ile chapati ya mayai, napanda basi kurudi Dar. Kumbe juu ya kilima cha Makerere kuna nyumba ya sanaa ya chuo kikuu! Aliyeniambia ni kijana wa bodaboda, tena kwa kushangaa kwamba sijafika.

Nikiri kwanza: mimi sanaa niliyoizoea ni Tingatinga na vinyago vya Mwenge. Nyumba ya sanaa ya chuo niliiwazia kama mahali pa maprofesa kunong'onezana mbele ya picha zisizoeleweka. Nikaingia kwa wasiwasi wa mtu aliyevamia harusi isiyo yake. Hakuna aliyenidai tiketi, hakuna aliyeniuliza nina digrii gani. Jengo si kubwa. Ukiwa na haraka unalimaliza kabla chai haijapoa, ila sidhani kama kuna mtu anayeweza kuwa na haraka humo. Mimi nilizunguka mara tatu. Mara ya kwanza niliangalia rangi, mara ya pili mikono ya watu waliochorwa, na ya tatu niliganda tu mahali pamoja kama mtoto mbele ya duka la peremende.

Sasa sikiliza hadithi ya nyumba hii, maana ndiyo iliyonimaliza. Mwaka 1937 Margaret Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza kufundisha uchoraji barazani kwake. Baraza tu, hii hii ya kuanikia mihogo! Kutoka hapo ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo inaitwa kwa jina lake, na mwaka 1969 nyumba hii ikafunguliwa ili kazi za wanafunzi na walimu zipate pa kukaa na watu wapate pa kuziona.

Na wanafunzi wenyewe ni nani? Hapa ndipo nilipotaka kupiga vigelegele. Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro! Alisoma hapa, akafundisha hapa, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa Balozi wetu wa kwanza London. Picha yake ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku, aliyoichora 1956, iko New York katika jumba la MoMA. Mbege, jamani! Ile ile pombe ya ndizi, imefika New York kabla yetu. Elimo Njau wa Marangu naye ni zao la kilima hiki. Ndiye aliyechora ukutani maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, Yesu akiwa katikati ya Wakikuyu na migomba yao, kisha mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha Paa ya Paa, Nairobi. Wachaga wawili, na wala sikuwa nimesoma habari zao shuleni.

Halafu nikatoka nje kumlipa yule kijana wa boda, aliyekuwa amenisubiri kwa subira ya ajabu. Nikatoa noti. Nikaitazama. Uso wa noti za Uganda una sanamu ya Uhuru: mwanamke aliyezungushiwa vitambaa kama anayefunguliwa vifungo, akimnyanyua mtoto juu. Sanamu yenyewe imesimama katikati ya mji tangu 1962, na aliyeitengeneza ni Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, Kenya, mmoja wa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Mama Trowell. Yaani muuza nyanya wa soko la Nakasero anashika kazi ya shule hii kila siku na kuihesabu kwa vidole, na aliyeiunda ni Mkenya. Sijaona nyumba ya sanaa yenye mkono mrefu namna hiyo.

Ndiyo maana nasema usiishie ndani ya kuta zake. Vuka hadi maktaba kuu ya chuo ukaione sanamu ya Francis Nnaggenda ya mhanga wa vita, iliyochongwa kwenye gogo miaka ya 1980 wakati Uganda yenyewe ilikuwa inavuja damu. Mwili umepoteza viungo, lakini umesimama. Niliizunguka kimya, mimi ambaye hapo nyuma nilikuwa nacheka peke yangu. Wanafunzi walikuwa wanaipita na vitabu vyao makwapani kama wanavyompita babu wa nyumbani, na mimi hilo nimelipenda kuliko kamba na vioo vya makumbusho. Katika bweni la wasichana la Mary Stuart upo pia mchoro wa ukutani wa Theresa Musoke kuhusu kuzaliwa na uhai mpya. Fikiria kuamkia kitu kama hicho kila siku ya mtihani!

Chuo kingine kingeweza kuifungia hazina ya namna hii kwenye stoo na kuitoa siku ya mgeni rasmi. Makerere imeiacha mahali ambapo hata mpita njia kama mimi, mwenye begi la safari na harufu ya basi, anaweza kuingia na kusimama mbele ya kazi kwa muda anaoutaka.

Wewe unayekwenda Kampala kwa biashara, kwa harusi au kwa mechi, nakuomba saa moja tu. Nenda mchana, siku ya kazi. Mwambie wa boda akupeleke Makerere, kwenye shule ya sanaa, na ukipata noti ya chenji, iangalie kabla hujaitia mfukoni.