Hesabu ya Ngazi: Tulivyouchagua Mtaa Lamu

Nilipompigia simu mwenye nyumba wa mtaa wa Mkomani, sikuanza na bei. Nilimuuliza ngazi ni ngapi kutoka mlangoni hadi kitandani. Alicheka. “Mwanangu, hata bei hujauliza, waanza na ngazi?” Kisha akanyamaza, nikamsikia anapanda, akihesabu kwa sauti ya chini, hadi akarudi kwenye simu akihema. Kumi na tisa hadi chumba cha kwanza, thelathini na nne hadi juu paani penye upepo. Nikamshukuru, nikalikata jina la nyumba yake kwenye karatasi yangu. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote nilizozipata.

Tulikuwa watu saba: mimi na mume wangu, watoto watatu, mdogo wao akiwa na mwaka na nusu, wifi yangu, na mavyaa, mama mkwe kwa wasio wa Pwani, mwenye miaka 74, sukari, na goti moja linalomgomea. Siku sita, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Mavyaa ndiye aliyeitaka Lamu. Alifika huko mara moja tu akiwa msichana, kwa Maulidi, na hadi leo akilitaja neno “Riyadha” huuweka mkono kifuani. Watoto walitaka kuogelea. Mume wangu alitaka kulala.

Kosa letu la mwanzo ni la wengi: tulichagua nyumba kabla ya kuchagua mtaa, na nyumba tuliichagua kwa picha. Picha ni stadi wa kuficha. Hazionyeshi ngazi kwa sababu mpiga picha amesimama juu yake, na hazionyeshi mtaro kwa sababu ameuvuka. Wakala mmoja alituandikia kwamba nyumba yake ya kijiji cha Shela iko “dakika tano kutoka mjini”. Ni kweli, ukiwa ndani ya boti yenye injini, iliyokwisha kujaa abiria, na bahari imekubali.

Hapo ndipo Lamu inapotofautiana na Mombasa au Nairobi. Katika miji hiyo ukikosea mtaa, kosa hulipwa kwa nauli: unaita gari, unanung'unika, mnafika. Mji wa kale wa Lamu ni hekta 16 hivi tu, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na vichochoro vyake havikujengewa magurudumu. Mzigo huenda kwa punda, kwa mkokoteni au kwa bega la hamali. Bodaboda zimeingia miaka ya karibuni na zinalalamikiwa, lakini hazimfikishi mtu mlangoni kwake ndani ya Mkomani. Kwa hiyo mtaa uliokosea utaulipia kwa miguu, kila unapotoka na kila unaporudi, na katika familia mwendo ni wa yule anayetembea polepole kuliko wote. Nilichora ramani yetu kwa goti la mavyaa.

Nianze na Shela, kwa sababu ndiko wengi wanakoelekezwa. Kijiji kiko kilomita 3 hivi kusini mwa mji, kwenye mlango wa bahari, na nyuma yake unaanza ufuo mrefu wa matuta ya mchanga. Matuta hayo si pambo. Chini yake ndipo maji ya mvua yanapohifadhika, na visima vya hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Shela ina utulivu, ina mchanga, na ina nyumba zilizokarabatiwa kwa fedha ambazo mshahara wa mwalimu hauzioni. Kwa bwana na bibi harusi sina la kuongeza, nendeni.

Ila Shela ina saa yake, na saa hiyo ni maji. Njia ya miguu ya kwenda mjini hufuata ukingo wa bahari. Maji yakipwa unatembea dakika 40 au 45 kwenye mchanga. Yakijaa, sehemu ya njia humezwa na inabidi upite ndani au upande boti. Sasa fanya hesabu niliyoifanya mimi mezani pangu. Mwezi mpya ulizaliwa usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba. Mwezi ukiwa mpya au mpevu ni bamvua, na bamvua ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Siku zetu karibu zote zilikuwa za bamvua au kando yake. Maana yake tungeweza kumtembeza mavyaa kwenda mjini saa nne asubuhi, jua likianza kuuma, na tungetaka kumrudisha alasiri tukakuta bahari imekalia njia. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baadaye hesabu hugeuka: asubuhi yanajaa, alasiri yanapwa. Familia iliyokwenda wiki hiyo ya maji mafu itakwambia Shela haina taabu, na haitakuwa imesema uongo. Iulize tu ilikwenda mwezi ngapi mwandamo.

Boti zipo, na nauli ya kushiriki si kubwa. Lakini kupanda boti ni kuinua mguu juu ya ubao unaocheza, huku mtu amekushika kwapa. Mara moja kwa siku, mavyaa angecheka. Mara nne kwa siku, angeanza kubaki nyumbani, na angesema hana hamu ya kutoka. Ninamjua.

Ukingo wa bahari wa mjini, pale gatini, tuliupitia upesi. Faida yake ni moja na ni kubwa: unashuka botini na umefika. Wakati wa kaskazi, yaani Desemba hadi Machi, upepo unaingia moja kwa moja kutoka kwenye mkondo. Lakini boti huanza kunguruma kabla ya jua, na nyumba nyingi za upande ule zimeinuliwa ghorofa, duka chini na wageni juu. Ajabu ndogo ni kwamba ukingo wenyewe ni mgeni. Ngome iliyokamilika mwaka 1821 ilikuwa karibu na maji; ardhi iliyo mbele yake ilijazwa baadaye, na safu ile ya nyumba zenye veranda ilijengwa katika karne ya 19 juu ya kifusi. Anayelala gatini, kwa hiyo, analala palipokuwa bahari.

Mkomani ndiko moyo wangu ulikobaki. Ni nusu ya kaskazini ya mji, nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, penye nyumba za mawe ya matumbawe. Kuta zake hufikia unene wa nusu mita, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake umepangwa na urefu wa boriti za mikoko, kama mita 2.8. Mchana nje kunachoma, ndani ni kama umeingia mtungini. Ukitaka kuelewa mantiki yake kabla hujakodi, ingia kwanza nyumba ya Kiswahili iliyogeuzwa makumbusho. Unapita daka lenye mabaraza mawili, unakata kona ili wa nje asione ndani, unatokea kiwandani, yaani uani, kisha vyumba vinafuatana kutoka cha watu hadi cha siri, kila kimoja sakafu yake imeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Bafuni kuna birika la maji, na zamani humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mwanangu wa pili alizihesabu zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hadi akachoka.

Nyumba hizi zilikuwa na jibu lao kwa swali langu. Liliitwa sabule, chumba cha mgeni, nacho kiliwekwa mahali ambapo mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi aliweza kukaa akingoja kusi imrudishe kwao, pasipo kuipitia nyumba ya ndani. Mgeni wa Lamu hakuchagua mtaa. Alikuwa na mwenyeji, na mtaa wa mwenyeji ndio uliokuwa wake. Sisi wa leo tuna simu na tuna picha, hatuna mwenyeji, ndipo tunapoanza kuuliza ngazi.

Na ngazi za Mkomani hazisamehe. Zinapanda wima, nyembamba, kila kidato kirefu kuliko kingine, mara nyingi bila cha kushika, na vyumba bora viko juu, maana chini palikuwa pa bidhaa na pa giza. Nyumba zilizogeuzwa za wageni zimeongeza makuti juu kabisa, na huko ndiko kwenye meza ya chakula. Hesabu: kushuka kwenda nje, kupanda kula, kushuka kulala, usiku choo. Kwa zile ngazi 34 za bwana yule, mavyaa angepanda zaidi ya mia kwa siku. Na mtoto wa mwaka na nusu ni hatari ya pili: yeye hupanda kwa furaha, tatizo lake ni kushuka.

Ikabaki Langoni. Vitabu vya watalii huipita haraka nusu hii ya kusini. Zamani ilikuwa ya nyumba za udongo na makuti, mtaa wa waliokuja: Wahadhrami, Wangazija, na wengine ambao mawe ya Mkomani hayakuwafungulia mlango. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alijikita huku, na Msikiti wa Riyadha alioujenga karibu na mwaka 1900 ndio unaouita umati wa Maulidi hadi leo. Utani na ushindani wa Mkomani na Langoni, kwa ngoma na kwa mashairi, ulidumu vizazi.

Kwa mizani yangu Langoni ilishinda kabla sijaiona. Nyumba nyingi za sasa ni za matofali ya saruji, na mtu anaweza kupata vyumba vya chini vyenye choo pembeni. Soko na Ngome viko karibu, hospitali ya King Fahd iko upande huo huo wa kusini, na kwa mtu mwenye sukari hilo si jambo la kusahau. Tulipata vyumba vitatu chini, kwa mama mmoja aliyekaa juu na wanawe. Ngazi mbili tu, zile za kuingilia.

Tulifika jioni. Basi lilitushusha Mokowe, upande wa bara, boti ikatuvusha, na kijana mwenye mkokoteni akabeba kila kitu isipokuwa mavyaa, ambaye alitembea, akapumzika kwenye baraza tatu za watu asiowajua, na kwenye ya tatu akakaribishwa kahawa. Kigari cha mtoto tulikwisha kukiacha Mombasa, na kila nilipovuka mtaro nilimshukuru aliyenishauri.

Asubuhi ya pili mtoto wa jirani aligonga na sahani ya mahamri iliyofunikwa kawa. Sahani hairudi tupu, basi mchana wifi yangu akairudisha na maembe. Alasiri mavyaa alikuwa amekaa barazani na mama wa nyumba na wengine wawili, miguu ameinyoosha, wakichambua nani kamzaa nani hadi wakampata binamu wa mbali wa marehemu mumewe. Hilo sikulipangia. Lakini halikutokea kwa bahati tu: baraza iko chini, naye alikuwa chini. Angelala ghorofa ya pili Mkomani angewasikia wapita njia kama redio ya jirani. Na Shela, ambako nyumba nyingi ni za watu wanaokuja mara mbili kwa mwaka, milango mingi tuliyoipita ilikuwa imefungwa kwa kufuli la nje.

Sasa gharama, maana zilikuwepo. Nyumba ya matofali haina ubaridi wa matumbawe. Usiku feni ilizungusha joto lile lile. Punda alifungwa nje ya dirisha la watoto na alikuwa na maoni yake saa tisa za usiku. Mji una misikiti zaidi ya 20, na adhana ya alfajiri hufika kutoka pande zote kwa kupishana, jambo lililomfurahisha mavyaa na kummaliza mume wangu. Kiatu kimoja cha mdogo kiliingia mtaroni na hakikuvaliwa tena. Pwani ya kuogelea Lamu mjini hakuna, kwa hiyo kila asubuhi mume wangu na wakubwa wawili walichukua boti hadi Shela, wakaenda mbali na mlango wa bahari ambako mkondo ni mkali, wakarudi kabla ya maji kujaa. Nauli hiyo ya siku nne niliijumlisha na kodi ya Langoni, na bado jumla ilikuwa chini ya nusu ya kodi ya ile nyumba ya “dakika tano”.

Kama mko wawili na magoti yenu mazima, hesabu hii itawapeleka kwingine: Mkomani, chumba cha juu, bila kusita. Lakini kama yupo mzee au mtoto anayejifunza kutembea, piga simu, na kabla ya bei uliza ngazi ni ngapi, choo kiko ghorofa gani, na kama kwenye baraza ya mlangoni bado wanakaa watu. Akisema “si nyingi”, mwombe azihesabu.